Ndiyo ya Mwamuzi Namba Saba

Mimi ni Verna Lutz. Nimepika katika shule ya msingi ya Tarrow kwa miaka ishirini na sita, na ukimuuliza mtu yeyote mjini kwetu atakwambia mambo mawili juu yangu: supu yangu ya kuku haina mpinzani, na mdomo wangu hauna breki. Nimeshamfokea mwalimu mkuu mbele ya wazazi. Nimeshamfokea mchungaji kwa kurefusha mahubiri mpaka nyama ikaniungulia nyumbani kwenye oveni. Siku ya arusi ya binti yangu, Noreen, nilisimama na glasi mkononi nikamwambia bwana arusi, watu mia na ushee wakisikiliza, kwamba ana macho ya mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Noreen hakucheka. Alikata mguu nyumbani kwangu miaka minne, na mjukuu wangu Josie nikawa namjua kwa picha tu.

Basi mjue tangu mwanzo kwamba mimi si mtu wa kunyamaza. Ndiyo maana hili ninalowasimulia linaniuma mpaka leo. Siku moja tu maishani mdomo huu ulitakiwa useme "hapana", basi, hapana tupu, na ukanishinda.

Wito wa mahakama ulinifika mwezi wa kumi na moja, mwaka 1998. Tulikuwa watu sitini tumejazana kwenye jengo la mahakama ya kaunti, tunakohoa na kulalamikia maegesho. Mawakili wakatuita mmoja mmoja na kutuhoji: huyu abaki, huyu aende zake. Mwendesha mashtaka aliniuliza kama ningeweza kumtia mtu hatiani kwa maneno ya shahidi mmoja.

"Inategemea huyo shahidi ni nani," nikamwambia. "Kuna watu hapa mjini sitawaamini hata wakiniambia leo ni Jumatatu."

Watu wakacheka. Nikajua hapo nimeshajifukuza, narudi zangu jikoni. Wapi! Nikaambiwa nikae kiti cha saba, na kuanzia hapo sikuwa Verna tena, nikawa mwamuzi namba saba, mmoja wa raia kumi na wawili waliokabidhiwa kesi ya Wendell Rausch, waamue wao, si jaji, kama ana hatia.

Wendell alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Walimvalisha suti ya kuazima, mikono mirefu mpaka kwenye vidole. Serikali ilisema kwamba jioni moja ya mwezi Machi, baridi kali, aliingia kwenye duka la mzee Merle Oakes kando ya barabara kuu akiwa na kofia ya sufu iliyoshushwa mpaka kwenye nyusi na skafu iliyofunika mdomo, akampiga mzee kichwani kwa kitako cha bastola, akachukua fedha akatoweka. Mzee Oakes hasikii tena kwa sikio la kushoto. Bastola haikupatikana. Fedha hazikupatikana. Kilichokuwapo ni mzee Oakes mwenyewe, ambaye polisi walimwonyesha picha moja, ya Wendell, wakamuuliza, "Ni huyu?" Akasema ni huyu. Na kule mahakamani aliinua kidole akamwonyesha tena.

Kwa upande wa pili alisimama mama yake Wendell, Opal Rausch, mwanamke mwembamba anayewauguza wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Alisema alimwacha mwanawe kitandani ana homa saa tisa alasiri alipokwenda kazini, akamkuta kitandani saa tano usiku aliporudi. Mwendesha mashtaka akamuuliza kwa upole kama alijua mwanawe alikuwa wapi katikati ya saa hizo.

"Alikuwa na homa," Opal akasema.

"Mama, swali langu ni kama uliona."

"Sikuona."

Wendell mwenyewe hakupanda kizimbani. Ni haki yake, hakuna anayeweza kumlazimisha kusema, na jaji alituonya kabisa kwamba tusimhukumu kwa kukaa kimya.

Sasa huyo jaji. Jaji wetu wa siku zote alikuwa hospitali amepasuliwa mgongo, kwa hiyo walituletea Jaji Cobb kutoka mji mkubwa wa Filadelfia, mtu mzima mpole, viatu vinang'aa, anasema "tafadhali" hata kwa askari wa mahakama. Jumatano mchana, mkesha wa Sikukuu ya Shukrani, ambayo familia hukusanyika kula pamoja, mawakili walipomaliza kusema, alitugeukia.

"Kijana huyu aliingia humu akiwa hana hatia," akasema, "na hana hatia mpaka sasa. Si kazi yake kuthibitisha kitu. Ni kazi ya serikali. Mkiwa na shaka, shaka ya kumfanya mtu makini asite katika jambo kubwa la maisha yake mwenyewe, basi shaka hiyo ni haki ya mshtakiwa. Uamuzi wenu lazima uwe wa wote kumi na wawili. Na mtu asiache anachoamini moyoni mwake kwa sababu tu wenzake ni wengi."

Niliyasikia. Sijawahi kudai kwamba sikuyasikia.

Tukafungiwa kwenye chumba chenye meza ndefu, birika la kahawa na sanduku la donati. Tukamchagua Harlan Dietz awe kiongozi wetu, kwa sababu ana duka la vifaa vya ujenzi na amezoea kuwapanga watu. Tukapiga kura ya kwanza kwenye vikaratasi. Tisa walisema ana hatia, watatu hana. Ilipofika saa kumi jioni wale wawili wenzangu walikuwa wameshahama, na mimi nimebaki peke yangu.

"Haya Verna," Harlan akasema, "tuambie unachokiona wewe ambacho sisi hatukioni."

"Nakiona kila siku ya Mungu," nikamwambia. "Nawapakulia watoto mia tatu. Wakati wa baridi wakiingia mstarini na makofia yao na maskafu yao, simjui nani ni nani. Mtoto wa dada yangu hupita mbele ya sufuria yangu nikamwita jina la mwingine mpaka avue kofia. Na hapo taa zinawaka, na hakuna aliyenishikia bastola. Mzee Oakes aliona macho tu. Macho! Halafu wakampelekea picha moja. Wangempelekea picha sita tungeongea mengine."

"Lakini mbona kijana hakusema chochote?" akauliza Fern Aldinger, mwalimu mstaafu aliyeketi ubavuni kwangu. "Mimi kama sijafanya kitu, ningepiga kelele mpaka paa lipasuke."

"Fern, jaji amekwambia nini kuhusu hilo?"

"Najua alichosema. Lakini si unajiuliza?"

"Usijiulize! Umekatazwa kujiuliza!"

Wakacheka, nikacheka na mimi. Mpaka hapo ulikuwa ubishi wa watu wanaojuana. Niliwashika vizuri, na nawaambieni ukweli, kama ingekuwa juma lingine lolote, wale wawili ningewarudisha.

Saa kumi na moja Harlan alimwandikia jaji kikaratasi kwamba tumekwama. Tukaitwa ukumbini. Jaji Cobb akatushukuru, akatuomba tuendelee kujaribu mpaka saa tatu usiku. "Mkishindwa," akasema kwa ile sauti yake ya upole, "nendeni mkale sikukuu na familia zenu, kisha tutakutana tena Jumatatu saa tatu asubuhi."

Ukumbi uliganda. Mtu wa Filadelfia atajuaje? Jumatatu baada ya Sikukuu ya Shukrani ni siku ya kwanza ya kuwinda kulungu. Huku kwetu shule zinafungwa siku hiyo. Kiwanda cha mbao kinafungwa. Watu huhamia kwenye vibanda vyao vya msituni tangu Jumamosi, baba na mwana na babu, na kuna wanaume ambao hawajaikosa siku hiyo tangu wakiwa na miaka kumi na miwili, wala kwa arusi wala kwa mazishi. Niliona karani wa mahakama amekodoa macho, na hata mwendesha mashtaka amefungua mdomo akaufunga. Hakuna aliyethubutu kumwambia jaji.

Tuliporudi chumbani hakuna aliyecheka tena.

"Verna," Harlan akasema, "kibanda changu kina watu saba wanaonisubiri. Mjomba wangu ana miaka themanini na moja. Hii huenda ndiyo yake ya mwisho."

"Kwa hiyo kijana afungwe ili mjomba wako awinde?"

"Usinitie maneno mdomoni! Nimeshasema tangu saa nane kwamba ana hatia. Sijabadilika. Wewe ndiye uliyetuweka hapa."

"Kama Verna angekuwa kulungu," akadakia Roy, fundi wa mabomba aliyekaa kona ya meza, "ningekuwa nimeshamlenga." Safari hii hata yeye hakutabasamu.

Wakanizunguka, mmoja baada ya mwingine. Eti nina kiburi. Eti nimezoea kubishana tu, ningebishana hata na kioo. Fern akaniambia kwa sauti ya chini, "Mpenzi, watu kumi na mmoja wenye akili timamu wanaona kitu kimoja. Hujiulizi labda ni wewe?" Hayo yote ningeyastahimili. Nimetukanwa na watu wanaojua kutukana kuliko hao.

Kilichonimaliza kilikuwa kwenye mkoba wangu, barua ya Noreen. Aliandika kwamba anakuja sikukuu na Josie, kwamba Jumatano ile wanashuka kwenye basi la saa moja usiku pale kituo cha mafuta, na mwisho akaandika: "Mama, ukiwa hupo kituoni nitaelewa kwamba mambo ni yale yale, na tutaendelea na basi hilo hilo mpaka kwa mama mkwe." Miaka minne nilikuwa nikiomba barua kama hiyo. Saa ya ukutani ilikuwa saa kumi na mbili kasoro kumi.

Ningeweza kumwomba askari mlangoni ampigie simu jirani yangu aende kuwapokea. Nimejiuliza mara elfu kwa nini sikumwomba. Wakati mwingine najiambia halikunijia kichwani. Uwongo. Lilinijia, nikalifukuza, kwa sababu nilitaka wa kuwapokea niwe mimi. Nilitaka Noreen ashuke anione mimi nimesimama pale na koti langu jekundu.

"Haya," nikasema. "Andikeni mnachotaka."

"Si tunachotaka sisi," Harlan akasema. "Lazima iwe yako pia, Verna."

"Nimesema haya! Andika!"

Akaandika upesi, kabla sijapumua. Fern akanipapasa mkono. Jamani, ule mkono niliuosha baadaye kwa sabuni.

Tulipoingia ukumbini dirisha lilikuwa limeshakuwa jeusi. Harlan akasoma. Ana hatia ya uporaji wa kutumia silaha, ana hatia ya kujeruhi. Nilimtazama Wendell mara moja tu. Hakulia wala hakupiga kelele, aliuma midomo na kushika kingo za meza. Nikadhani yamekwisha. Nikawa nimeshaanza kutafuta funguo za gari mfukoni.

Ndipo wakili wake, Bi Gwen Sadowski, mwanamke kijana aliyepewa kesi na kaunti kwa kuwa Wendell hakuwa na uwezo wa kumlipa wakili, akasimama. "Mheshimiwa, naomba waamuzi waulizwe mmoja mmoja."

Karani akaanza. "Mwamuzi namba moja, huu ndio uamuzi wako?"

"Ndiyo."

"Mwamuzi namba mbili, huu ndio uamuzi wako?"

"Ndiyo."

Sikujua kama kuna jambo hilo. Namba tatu, ndiyo. Namba nne. Harlan alikuwa namba tano, akasema ndiyo kama mtu anayefunga hesabu za duka. Fern, namba sita, akasema ndiyo kwa sauti ya kanisani.

"Mwamuzi namba saba, huu ndio uamuzi wako?"

Nikafungua mdomo na hakikutoka kitu. Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Jaji akainua kichwa kutoka kwenye karatasi zake. Niliona kofia za watoto, nikaona macho ya mzee Oakes yenye machozi, nikaiona saa iliyokuwa juu ya kichwa cha jaji. Saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Kutoka mahakamani mpaka kituo cha mafuta ni dakika ishirini na tano kama hakuna theluji, na theluji ilikuwa imeshaanza kudondoka.

"Mwamuzi namba saba?" jaji akauliza kwa upole wake.

"Ndiyo," nikasema.

Nilifika kituoni basi likiwa linasimama. Noreen alishuka na mtoto kajifunika blanketi, akaniona, akasema, "Umekuja, Mama." Nikamkumbatia na kulia mpaka Josie akaogopa. Walikaa siku nne. Tulikula bata mzinga na pai ya maboga, Josie akajifunza kuniita Nana, na sikusema hata neno moja baya juu ya baba yake. Zilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizozipata katika muongo ule, na kila usiku nilijilaza macho yakiwa wazi.

Jumanne ya juma lililofuata, watu wote mjini wakisimuliana habari za kulungu, nilikwenda ofisini kwa Bi Sadowski, juu ya duka la dobi. Nilimkuta amezungukwa na mafaili, anakula sandwichi amesimama.

"Mimi ni namba saba," nikamwambia. "Sikuamini. Nilisema ndiyo lakini sikuamini."

Akaweka sandwichi chini. Alinitazama, na sikuona hasira usoni mwake, niliona uchovu tu.

"Mama Lutz, unajua ungesema hapana pale ulipoulizwa, ingekuwaje?"

"Sijui."

"Uamuzi ungekufa pale pale. Jaji angewarudisha chumbani, au angevunja baraza lenu, na serikali ingelazimika kuanza upya na waamuzi wapya. Ndiyo maana niliomba muulizwe. Huwa naomba kila kesi. Kwa miaka mitano sijawahi kuona mtu akisema hapana, lakini naomba tu."

"Basi nasema sasa. Niandikie, nitatia sahihi."

"Nitaandika. Nitaiweka mbele ya jaji kabla hajatoa adhabu. Ila nisikudanganye, huenda isisaidie kitu." Akafunga faili lililokuwa mbele yake. "Wendell alipewa nafasi ya kukiri mwezi Juni. Akikiri, miaka mitatu. Mimi mwenyewe nilimwambia aifikirie. Akanijibu, siwezi kusema nimefanya kitu sijafanya, bora watu kumi na wawili waniangalie waamue."

Nilishuka zile ngazi nimeshika ukuta.

Katikati ya Januari nikaitwa tena mbele ya Jaji Cobb. Safari hii nilipanda kizimbani kama shahidi, nikaapa. Opal Rausch alikaa mstari wa mbele amevaa sare zake za kazi. Wendell alikuwa na nguo za jela. Bi Sadowski akaniuliza, "Mama Lutz, wakati unasema ndiyo, uliamini kwamba mshtakiwa ana hatia?"

"Pingamizi," mwendesha mashtaka akasema, hata kabla sijavuta pumzi.

"Nakubali pingamizi," jaji akasema. "Usijibu, mama."

"Lakini Mheshimiwa, mimi..."

"Tafadhali, Mama Lutz." Akavua miwani. "Sheria hainiruhusu kusikia yaliyosemwa mle chumbani, wala yaliyokuwa moyoni mwa mwamuzi. Kama ningeruhusiwa, kila aliyeshinda na kila aliyeshindwa angewafuata waamuzi majumbani kwao, na hakuna kesi ingekwisha. Ninachoweza kukuuliza ni hiki. Kuna mtu yeyote kutoka nje aliyekuja kuwatisha, au kuwahonga, au kuwaletea habari za kesi?"

Hapo nikaelewa kwamba mlango mmoja ulikuwa wazi, na kwamba ni uwongo tu ndio ungepita. Ningesema Harlan alisoma gazeti. Ningesema mtu alinipigia simu. Nilimtazama Wendell, nikamtazama mama yake, na nilikuwa nimeapa. Nimechukia nafsi yangu kwa kusema uwongo Jumatano ile, na nimeichukia kwa kutosema uwongo siku hii, na sijui ipi inanichoma zaidi.

"Hapana, Mheshimiwa," nikasema.

"Na ulipotoka mahakamani siku ile, ulilalamika kwa mtu yeyote? Kwa karani, kwa askari?" jaji akauliza.

"Nilikuwa na wageni," nikasema, na sauti yangu ikawa ndogo sana.

Ombi likakataliwa. Kisha, nikiwa nimekaa kwenye benchi la nyuma, nikamsikia akitoa adhabu: kifungo kisichopungua miaka minane, kisichozidi kumi na sita. Alisema anasikitika, na naamini alisikitika. Askari wakamsimamisha Wendell, na alipokuwa akipita alimwambia mama yake, "Usisahau kuweka maji ya moto kwenye bomba la nyuma, litaganda kwa baridi." Ndivyo alivyomuaga, mbele yetu sote.

Nilitoka kwenye ukumbi nikakaa kwenye benchi la mbao kwenye korido. Watu walinipita. Harlan alikuwapo pia, alikuja kusikiliza, akasimama mbele yangu akasema, "Verna, ungetuambia tu kuhusu Noreen. Ningemtuma mtu." Nikamwambia apotelee mbali. Akaondoka kichwa chini, na wala hakustahili lile tusi.

Kisha Opal Rausch akaja akakaa kando yangu. Nilijikaza. Nilisubiri anitukane, anitemee mate, anizabe kofi. Haki ya Mungu ningemshukuru. Hakufanya hata kimoja. Alikuwa anazikunja glavu zake na kuzikunjua.

"Wewe ndiye uliyechelewa kujibu," akasema.

"Ndiyo, mimi."

"Walipokuuliza ukanyamaza. Wendell aligeuka akanitazama. Alikuwa anatabasamu, unajua? Alidhani utasema hapana. Na mimi nilidhani. Nikaanza kuwaza nitampikia nini." Akaziweka glavu magotini. "Nimekuwa nataka kukuuliza. Ulikuwa unawaza nini pale?"

Mimi nina maneno kwa kila mtu. Siku ile nilikuwa na ukweli tu, na nikaona hilo ndilo deni la chini kabisa ninaloweza kumlipa.

"Nilikuwa nawaza basi," nikasema. "Binti yangu alikuwa anakuja. Hatukuwa tumeonana miaka minne. Alisema nisipokuwepo kituoni hatashuka."

Opal alitikisa kichwa taratibu, kama anayesikia hali ya mgonjwa kutoka kwa nesi mwenzake.

"Alikuja?"

"Alikuja."

"Na mtoto?"

"Na mtoto."

"Walikaa sana?"

Nilitaka kusema uwongo hapo. Nilitaka sana.

"Siku nne," nikasema.

"Siku nne," Opal akasema. Akavaa glavu, kwanza ya kushoto, kisha ya kulia, akainuka. "Basi mwanao ulimwona," akaniambia, na akashuka ngazi kwenda kuuliza watampeleka mwanawe gereza gani na siku gani za juma wanaruhusu mama kuja.